Kuanguka Kwanza

Nilipotimiza miaka 61, nilidhani ya kujifunza yamekwisha, yaliyobaki ni ya kufunza. Februari iliyopita nilikwenda Oslo kumzuru mwanangu, na dhana hiyo ikaanguka pamoja nami thelujini.

Neno "ski" asili yake ni huko Norway, na maana yake ya kale ni kipande cha ubao uliopasuliwa. Wazee wao hawakuvaa mbao hizo kwa mchezo, bali kwa safari na uwindaji, kwani mguu huzama thelujini, ilhali ubao mrefu husambaza uzito wa mtu akabaki juu. Hadi leo treni ya mjini hupandisha watu na mbao zao hadi Frognerseteren, ukingoni mwa msitu wa Nordmarka. Huko mashine hukandamiza theluji na kuchora mifereji miwili sambamba, kila mguu na wake.

Mwanangu aliinama akanifunga viatu. Ncha ya kiatu hushikwa na ubao, kisigino huachwa huru, ili mtu apige hatua na kuteleza. Nikashika fimbo zangu mbili, nikangoja kuambiwa namna ya kwenda. Akasema, "Baba, kwanza jifunze kuanguka."

Akanionyesha. Ukihisi mizani inakupotea, keti kwa ubavu. Ukitaka kuinuka, laza mbao zote mbili zikingame mteremko, piga magoti, ndipo usimame. Ukitaka kupunguza kasi, kutanisha ncha za mbele na utanue visigino, mfano wa kabari.

Nilianguka mara tisa. Watoto wadogo walinipita kama samaki. Kila nilipoanguka, mwanangu alisimama akangoja. Hakunipa mkono ila nilipouomba, wala hakupaza sauti hata mara moja.

Hapo nikakumbuka. Alipokuwa na miaka saba, nilitaka kumfunza kuogelea katika bandari ya kale ya Mombasa. Nilimtupa majini, nikasimama ngazini nikimgombeza mbele ya wenzake kwa kuwa alilia. Tangu siku ile hakuingia tena baharini pamoja nami, nami sikuuliza kwa nini.

Jioni, tukinywa kakao, alinisimulia habari za Philip Boit, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Katika michezo ya Nagano, mwaka 1998, Boit alimaliza wa mwisho mbio za kilomita 10. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa bado yupo mwishoni mwa njia akimngoja, akamkumbatia.

Niliweka kikombe chini. "Mimi sikukungoja," nikamwambia. "Siku ile ya bandarini. Nisamehe, mwanangu."

Alinyamaza kitambo, akitazama dirishani. Kisha akasema, "Nimekusamehe, Baba. Kesho twende tena; mteremko bado hujauweza."

Tulikwenda. Nilianguka mara nne tu, alhamdulillahi.

Likizo ya Agosti ataniletea mjukuu wangu, inshallah, nimfunze kuogelea. Somo la kwanza nimekwisha kuliamua: kuelea, huku mkono wangu uko chini ya mgongo wake, mpaka yeye mwenyewe aniambie niuondoe.