Kioo kwa Kioo



Katika mambo ambayo watu wetu wameyafanya mepesi ni kulipa kilichoharibiwa. Mtu akikopa shilingi mia tano hujijua kuwa ana deni, hata akiwa hapendi kulilipa. Lakini mtu huyo huyo akivunja sahani ya jirani, au mbuzi wake wakila mchicha wa watu, au mwanawe akipasua kioo, atasema, "Ni bahati mbaya, tumuachie Mungu," kisha atakwenda zake kulala. Na aliyeharibiwa akiwa tajiri, basi huonekana yeye ndiye mchoyo kwa kuitaja haki yake. Nataka leo tulitazame jambo hili kwa kisa cha kioo cha gari, kwani yamo ndani yake maswali mengi yanayoulizwa majumbani mwetu.

Lakini kwanza tuanze na asili ya hukumu. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wake zake, na mke mwengine akapeleka huko chakula katika chombo. Mwenye nyumba akaingiwa na wivu, akampiga mtumishi mkono, chombo kikaanguka kikavunjika. Mtume (S.A.W.) akaviokota vipande, akakikusanya chakula, akawaambia waliokuwapo kuwa mama yenu ameona wivu. Hakupiga kelele, wala hakutukana. Lakini pia hakusema kuwa hili ni la nyumbani lipite. Alimzuia mtumishi asiondoke mpaka kikaletwa chombo kizima cha yule aliyevunja, akakipeleka kwa aliyevunjiwa, na kile kilichovunjika kikabaki katika nyumba kilimovunjikia.

Tazama, ndugu msomaji. Upole ulikuwapo na haki ilikuwapo, na kimoja hakikumfukuza mwenzake. Chombo kizima kwa chombo kizima.

Sasa nije kwenye kioo. Mwaka 2023, siku chache baada ya Idi el Fitri, palikuwa na harusi mtaani kwetu hapa Mombasa. Bwana mmoja alikuja kutoka Nairobi na gari lake, Range Rover ya mwaka 2017, akaliegesha kando ya ukuta wa madrasa, chini ya mti wa kungu. Baada ya Alasiri watoto walitoka chuoni wakaanza kuzipopoa kungu kwa mawe kama ilivyo ada yao. Jiwe moja likakosa tawi, likashukia kioo cha nyuma. Kioo chote kikamwagika chini kama mchele.

Watoto wakatawanyika, asibaki hata mmoja. Kabla ya Magharibi mmoja wao alirudi peke yake, mtoto wa miaka tisa, yatima wa baba, akasimama mlangoni na kuniambia, "Shikamoo maalim. Lile jiwe ni langu." Nikamwambia, "Marahaba mwanangu. Ingia, kwanza tusali."

Usiku ule baraza lilijaa wanavyuoni. Wa kwanza akasema kuwa mwenye gari kama lile hahitaji kulipwa, kwani amepewa na Mungu na yule ni yatima. Wa pili akasema kuwa mtoto hana dhambi, basi hapana la kulipa. Wa tatu akasema kuwa mama yake lazima alipe, awauze hata kuku. Na mama mwenyewe ni mjane anayepika mahamri na mbaazi za asubuhi. Faida yake kwa siku haipiti shilingi mia saba.

Ndugu zangu, wote watatu walisema kwa nia njema, na wote watatu hawakupatia.

Huyu wa kwanza ameifanya haki ya mtu kupungua kwa kadiri mali yake inavyozidi. Hili halimo katika dini yetu. Tajiri ana wajibu wa Zaka, na amehimizwa kutoa sadaka, lakini sadaka hutolewa na mwenyewe. Haitolewi na watu wa baraza kwa niaba yake.

Wa pili amechanganya dhambi na deni. Ni kweli kwamba kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, haandikiwi dhambi. Lakini kutokuwa na dhambi ni jambo moja, na kutodaiwa ni jambo jengine. Mtu aliyelala akageuka usingizini akavunja gilasi ya mwenyeji wake hana dhambi, na gilasi ataidhamini. Mali ya watu haikuhalalika kwa sababu aliyeiharibu hakukusudia.

Na wa tatu amemtwika mama mzigo usio wake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, alichokiharibu mtoto hulipwa kutoka katika mali ya mtoto mwenyewe, ikiwa anayo. Ikiwa hana, hubaki ni deni juu yake mpaka apate uwezo. Mzazi ambaye hakumtuma halazimiki kutoa mfukoni mwake, ila akipenda kufanya hisani. Na mtoto huyu alikuwa nayo mali kidogo: fungu lake katika mashua ya marehemu baba yake, ambayo ami yake huisimamia na kumwekea sehemu ya mapato.

Hapa jambo likazidi uzito, kwani sasa palikuwa na amana mbili. Upande mmoja ni haki ya mwenye gari, asidhulumiwe. Upande wa pili ni mali ya yatima, ambayo Qur'ani imetuonya vikali tusiiguse ila kwa njia iliyo bora. Kumpunja mmoja ni dhulma, na kumlipisha mwengine zaidi ya anachodaiwa ni dhulma vile vile. Bima nayo haikuwa na msaada, kwani bwana yule alikuwa na ile ya lazima tu, ambayo hulipia madhara yanayowapata watu wengine, si kioo cha mwenye gari.

Asubuhi yake nilikwenda na ami wa mtoto kwa fundi wa vioo. Nami nilijifunza huko mambo ambayo ni vyema uyajue.

Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, katikati pana utando wa plastiki. Kikipigwa jiwe hupasuka kikabaki mahali pake. Kioo cha nyuma, katika magari mengi, ni kimoja kilichopikwa kwa moto unaopita nyuzi 600, kisha kikapozwa ghafla kwa upepo. Kupikwa huko hukipa nguvu, lakini kikishindwa hugeuka punje punje, ili kisimkate mtu. Kwa hiyo hakizibwi wala hakiungwi, na hakikatwi wala kutobolewa baada ya kupikwa. Kikivunjika hubadilishwa chote. Na kioo cha gari kama lile si kioo tu. Mna nyuzi nyembamba zinazokipasha moto ili kuondoa ukungu. Katika magari mengi mna pia antena ya redio iliyochapwa humo humo. Na pembezoni pana ukanda mweusi unaoikinga gundi isiliwe na jua.

Fundi alitutajia vioo vinne. Cha kwanza kipya kutoka kwa wenye kampuni, shilingi 95,000. Cha pili kimetengenezwa kwengine, umbo lile lile, lakini hakina nyuzi wala antena, shilingi 38,000. Cha tatu ni kilichotumika, kina kila kitu, shilingi 30,000, lakini hakina risiti. Nikakitazama hicho cha tatu, nikaona pembeni pamesuguliwa. Nawe wajua kuwa wenye magari wetu huchonga namba ya gari katika vioo ili wezi wasiviuze. Pale palikuwa na namba, na mtu ameifuta.

Nikamuuliza, "Hiki kimetoka wapi?" Akacheka, akasema, "Sheikh, kioo hakina mdomo."

Ni kweli, kioo hakina mdomo. Lakini mwenyewe anao, na Siku ya Kiyama atautumia. Ukinunua kitu nawe waona alama ya wizi juu yake, huwezi kusema hukujua. Umemnunulia mwizi kazi ya kesho, kwani asingeiba kama asingepata mnunuzi. Na ajabu iliyoje, kulipa haki ya mtu mmoja kwa haki iliyoporwa kwa mtu mwengine! Hilo deni halikulipwa, limehamishwa tu.

Tukakiweka kando. Ami wa mtoto akasema basi tuchukue cha pili, kisicho na nyuzi. Fundi akamuunga mkono, akasema, "Hapa pwani nani atawasha moto wa kioo? Baridi iko wapi? Nitapaka tinti nyeusi, hata mwenyewe hatajua."

Ndugu msomaji, neno hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. "Hata mwenyewe hatajua." Ni maneno mangapi kama hayo husemwa kila siku katika maduka na karakana zetu? Maziwa hutiwa maji, mwenyewe hatajua. Zege hupunguzwa saruji, mwenyewe hatajua. Nguo hushonwa kwa uzi mbovu, mwenyewe hatajua. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaona lundo la nafaka, juu kavu na nzuri. Akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua iliyoinyea. Mtume akamuuliza mbona hakuuweka huo unyevu juu watu wakauona, kisha akamtoa mwenye kughushi katika safu yake. Basi ghushi haikuanza kwetu, wala hukumu yake haikubadilika kwa kuwa leo inafanywa kwa tinti.

Na hata lile la baridi halikuwa kweli. Masika, dirisha zikifungwa na gari limejaa watu, kioo hushika ukungu hapa pwani kama kwengine. Lakini hata ingekuwa kweli, halitusaidii. Mdaiwa hana haki ya kuamua ni kipi katika mali ya mwenzake kina faida na kipi hakina. Kilichokuwapo ndicho kinachodaiwa, kionekane kisionekane.

Tukabaki na cha kwanza na cha nne. Hiki cha nne kilikuwa kioo kamili kilichotolewa katika gari lililogongwa mbele likauzwa vipande, na karatasi zake zipo, shilingi 52,000. Nikamkumbusha ami wa mtoto hukumu ya Nabii Sulaiman (A.S.), juu ya kondoo walioingia katika shamba la watu usiku wakalila. Wanavyuoni wa tafsiri wanaeleza kuwa aliamua wenye kondoo walitengeneze shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, na wenye shamba wanufaike na maziwa ya kondoo muda huo, kisha kila mmoja arejeshewe chake. Lirudi lilivyokuwa: halikupungua, wala halikuzidi. Kioo kilichovunjika kilikuwa cha miaka sita. Kioo kizima cha umri kama huo, kilichopatikana kwa halali, ndicho mfano wake. Kuitoza mali ya yatima kioo kipya ni kuzidisha, ila mwenye gari awe hakuridhika na mfano.

Nilikwenda kwa mwenye gari peke yangu, wala sikumkabili mbele ya watu. Wanavyuoni wetu wamesema kuwa mali inayotolewa kwa haya ni kama iliyochukuliwa kwa upanga. Ukimsimamisha mtu mbele ya msikiti mzima ukamwambia, "Sheikh, si utamsamehe yatima huyu?" atasema ndiyo kwa ulimi, na moyoni atakuwa ameporwa. Nikamweleza vioo vyote vinne, hata vile viwili tulivyovikataa, nikamwambia kuwa haki yake iko tayari. Akafikiri kidogo, akasema, "Kioo nitapokea, ili mtoto ajue. Ufundi nitalipa mimi, kwani ni mimi niliyeegesha chini ya kungu." Sikumwomba zaidi, wala hakuzidisha.

Fundi akakwangua gundi ya zamani, akaokota punje zote mlangoni, akapaka dawa na gundi mpya, akazijaribu nyuzi moja moja kwa taa yake. Gari lililala pale pale mpaka asubuhi gundi ikakauka. Fedha alizitoa mtoto kwa mkono wake, ami yake akishuhudia.

Basi ndugu zangu, wazazi wa Kiislamu, haya ndiyo ninayokuusieni. Mtoto akiharibu kitu cha watu, msimfiche na msimpige mpaka akajifunza kukimbia; aliyerudi mwenyewe na kusema "ni langu" ana mali ambayo mwizi haiwezi. Mwendeeni mwenye haki kabla hajakufuateni. Ulizeni bei, na ulizeni pia kitu kimetoka wapi. Mlipeni mfano wa alichopoteza, cha nje na cha ndani. Na nyinyi mnaodai, kama mnataka kusamehe sameheni kwa radhi, na kama hamtaki, kupokea haki yenu si aibu. Enyi mafundi, kazi yenu nyingi imo mahali ambapo jicho la mwenye gari halifiki, lakini Mwenyezi Mungu anapaona.

Namuomba Mola wetu atulipie madeni yetu tungali hai, atulinde na mali ya mayatima, na atujaalie ndani yetu kuwe kama nje yetu. Amin.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.