Mahali pa Kukaa

Kupumzika ni haja ya mwili kama kula na kunywa, lakini haja hii husahauliwa upesi na wapangao miji, pengine kwa sababu wengi wao hupita mjini wameketi ndani ya magari. Nami nilikuwa miongoni mwa waliosahau, mpaka siku niliyofuatana na baba yangu, mzee wa miaka 78, kwenda kununua dawa.

Njiani tulipita katika kiwanja kilichotengenezwa upya. Viti vyake vilikuwa vya saruji, vizuri kwa macho, vifupi kama mbuzi ya kukunia nazi, havina mgongo wala mikono. Baba aliketi, akamhimidi Mungu. Alipotaka kuinuka hakuweza. Alijaribu mara mbili, akapapasa huku na huku apate pa kushika, asipate. Nikampa mkono, akaukataa, maana watu walikuwa wakitazama. Mara ya tatu aliupokea bila ya kuniangalia usoni. Tangu siku ile haja zake zote za sokoni huniagiza mimi.

Nilirudi pale peke yangu na utepe wa fundi cherehani. Kiti kile kilikuwa na kimo cha sentimita 30. Kiti chetu cha chakula kina 45. Kwa kijana tofauti hiyo si kitu. Lakini goti likipanda juu ya nyonga, kazi yote ya kuinuka huangukia mapaja, nayo hudhoofu sana uzeeni. Kwa hiyo mkono wa kiti si pambo, ni mkongojo. Ama ukiwekwa katikati ya benchi kwa nia nyingine, mkono huo huo humnyima maskini mahali pa kujinyoosha. Huko Camden, London, mwaka 2012 yaliwekwa mabenchi ya zege yaliyochongwa kwa makusudi ili mtu asiweze kulala juu yake. Sijui niite nini ustadi wa namna hiyo.

Wazee wetu wa Unguja na Lamu walijenga baraza za mawe na chokaa nje ya nyumba zao. Nakubali kuwa baraza nayo haina mikono. Lakini mgongo wake ni ukuta wa nyumba, kivuli chake ni wembamba wa njia, na anayeshindwa kuinuka huinuliwa na watu anaowajua, katikati ya mazungumzo, wala hapana atazamaye. Mvua kubwa ikijaza njia maji, baraza hugeuka kuwa njia ya wapitao. Neno lenyewe limepanda cheo hata mawaziri wakakaa katika baraza lao.

Mmarekani William H. Whyte alipeleleza viwanja vya New York, na katika kitabu alichotoa mwaka 1980 akasema kuwa watu hukaa zaidi palipo na mahali pa kukaa. Niliposoma nilicheka, nikidhani jambo hilo halihitaji mtaalamu. Kisha nikakumbuka kiwanja kile chenye viti vingi, na baba yangu asiye na kiti hata kimoja.

Juma lililopita nilimwomba tufuatane tena.

“Viti vya kule ni vile vile, mwanangu?” aliniuliza.

“Ni vile vile, baba.”

Akaweka kofia yake sawa, akaketi barazani kwa jirani, akaniambia nisisahau dawa ya macho.