Risasi Isiyo na Risasi

Kiswahili kinatumia neno moja, risasi, kwa vitu viwili: ile metali laini, nzito, ya kijivu, na kile kinachofyatuka kwenye mtutu wa bunduki. Nilikulia Songea bila kuona tatizo lolote hapo. Ilibidi nihamie Jämtland, katikati ya Sweden, niolewe katika familia ya wawindaji na nianze kutafuta bunduki yangu ya kwanza, ndipo neno hilo likaanza kunisumbua.

Mnyama mwenyewe Waswidi humwita älg. Kiswahili hakijakutana naye sana, kwa hiyo nyumbani mimi na mwanangu tunamwita elgi. Fikiria ng'ombe mkubwa aliyepachikwa juu ya miguu mirefu kupita kiasi. Mabega ya dume aliyekomaa hufika kimo cha mita mbili, na uzito wake unaweza kufika kilo 500. Mwaka 1982 Waswidi waliwinda zaidi ya elgi 170,000. Siku hizi idadi ni ndogo zaidi, lakini huku kwetu Jumatatu ya kwanza ya Septemba, siku msimu unapofunguliwa, bado ni kama sikukuu. Usitegemee kumpata fundi bomba.

Kule nyumbani bunduki ilikuwa ya Bwana Nyama, ya polisi au ya jangili. Simkumbuki mwanamke hata mmoja aliyewahi kushika gobore. Lakini hapa friji letu la kugandisha lilijaa nyama ya elgi kila Oktoba, nasi tuliila hadi majira ya joto. Baada ya miaka minne ya kula kazi ya mikono ya wengine, niliona nami niende nikakae msituni kwenye baridi kama wao. Nikasoma, nikafanya mtihani wa wawindaji, nikafaulu. Sasa ikabaki bunduki.

Baba mkwe alikuwa na jibu tayari. Macho yake yameanza kuchoka, akataka nirithi bunduki yake ya kaliba 9.3x62, aliyoitumia kwa zaidi ya miaka arobaini. Risasi yake ina kichwa cha gramu 18.5 hivi, kinene kama kidole changu cha mwisho. "Hii elgi akipigwa nayo haendi mbali," alisema. Kwetu zawadi ya mkwe hairudishwi hivi hivi. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaenda nayo uwanja wa shabaha.

Pale kuna sanamu ya elgi inayokimbia kwenye reli, umbali wa mita 80. Nilipiga mara tatu. Teke la kwanza nililivumilia, la pili lilinifundisha adabu. Kwenye la tatu bega langu lilikuwa limeshajikunja kabla kidole hakijagusa kifyatulio. Mimi nina kilo 54. Kwa hesabu, bunduki hiyo hurudi nyuma kwa nishati zaidi ya mara mbili ya bunduki ya kawaida ya Kiswidi yenye uzito uleule, na bega linalosubiri kipigo husogeza mtutu. Ukikosea sentimita chache pale kiwandani kwa mafundi, wanarekebisha. Ukikosea sentimita chache kwa elgi, unampiga tumboni badala ya mapafuni, naye anaondoka na maumivu yake hadi gizani. Ndiyo maana sheria inataka mbwa mwenye ujuzi wa kufuatilia aliyejeruhiwa aweze kufikishwa mahali pa windo ndani ya saa mbili.

Usiku ule nilisoma historia ya kaliba hiyo. Ilibuniwa mwaka 1905 na fundi bunduki wa Berlin, Otto Bock, kwa ajili ya Wajerumani waliokwenda kuwinda na kulima Afrika. Walihitaji risasi nzito itakayotosha kwa wanyama wakubwa wa kwetu, lakini iingie kwenye bunduki ya Mauser ya bei nafuu. Nilirudia kuusoma mwaka huo. Mtoto yeyote wa Songea anajua mwaka 1905. Ndio mwaka vita vya Majimaji vilipoanza katika vilima vya Umatumbi, watu wakiamini kwamba dawa ya Kinjikitile Ngwale itageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Februari 27, 1906, wakuu wa Kingoni walinyongwa mjini kwetu, na kila mwaka tunawakumbuka pale kwenye makumbusho ya Mahenge.

Risasi ya Bock haikuwa ya jeshi. Ilikuwa ya kuwindia, na sina ushahidi wa kuihukumu zaidi ya hapo. Lakini niliwaza jinsi ilivyosafiri: ilitengenezewa ardhi ya babu zangu, ikapata umaarufu kwenye misitu ya Sweden, na zaidi ya miaka mia moja baadaye ikaletwa mezani kwangu kama zawadi ya upendo. Vyote viwili vilikuwa kweli. Nilimpigia kaka yangu simu Songea, nikamweleza. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza swali la maana kuliko yote: "Sasa wewe ukiishika, unapiga unapolenga?"

Hapana. Hilo ndilo lililoamua, kabla ya historia.

Nikarudi kwenye sheria. Nilipofanya mtihani, risasi ya kuwindia elgi ilitakiwa iwe ya kutanuka inapoingia mwilini, iwe na uzito wa angalau gramu 10 na ifike mita 100 ikiwa na nishati ya juli 2,000. Ikiwa kati ya gramu 9 na 10, ilitakiwa ifikishe juli 2,700. Takwimu hizi huchapishwa kwenye boksi, lakini mtu aliyesoma fizikia ya sekondari anaweza kuzikagua: nusu ya uzito, mara mwendo, mara mwendo tena. Chukua 6.5x55, kaliba waliyoitumia Waswidi tangu 1894. Kichwa chake cha gramu 10.1 kikifika mita 100 kwa mwendo wa mita 700 kwa sekunde, kina karibu juli 2,475. Kinatosha, na teke lake ni la kirafiki. Mwindaji mmoja wa kikundi chetu, mwanamke wa miaka sitini na kitu, hajawahi kutumia kingine.

Ningeishia hapo kama nisingekuwa na mtoto wa miaka mitatu anayependa mchuzi wa elgi.

Kichwa cha risasi cha kawaida kina metali ya risasi ndani yake. Kinapogonga mnyama na kutanuka, vipande vidogo sana hutawanyika kwenye nyama, vingine visivyoonekana kwa macho. Metali hiyo ni sumu kwa ubongo unaokua. Ndiyo maana huku wawindaji hushauriwa wakate na kutupa hata nyama inayoonekana nzima kuzunguka jeraha. Njia nyingine ni kutumia kichwa cha shaba tupu, ambacho hufunguka kama ua na kwa kawaida hubaki kizima. Hapo ndipo Kiswahili kiliponichekesha. Nilimwandikia kaka kwamba natafuta risasi isiyo na risasi. Akajibu: "Na chai isiyo na chai?"

Lakini shaba ni nyepesi kuliko risasi. Ili kufikia uzito uleule, kichwa cha shaba lazima kiwe kirefu zaidi, na kwenye mtutu mwembamba wa milimita 6.5 nafasi huisha haraka. Maboksi ya shaba ya kaliba hiyo niliyoyakuta dukani yalikuwa mepesi mno kwa elgi. Nikapanda ngazi moja hadi .308. Kichwa cha shaba cha gramu 10.7, kikiwa na mita 730 kwa sekunde kule mita 100, hutoa karibu juli 2,850. Teke lake nililimudu, hasa baada ya kufunga kizuia sauti mbele ya mtutu, maana nacho hupunguza teke. Nikanunua maboksi mawili na kurudi kwenye sanamu ya reli, jioni baada ya jioni, hadi bega likasahau kuogopa.

Kumrudishia baba mkwe bunduki yake kulikuwa kugumu kuliko mtihani. Nilimweleza habari ya bega, nikamweleza habari ya mtoto. Kisha nikamweleza habari ya 1905, kwa sababu sikutaka aisikie kwa mtu mwingine. Alisikiliza, akakaa kimya kwa muda mrefu, kama wanavyokaa kimya watu wa huku. Akasema kwamba hakujua. Halafu akauliza vita vile viliisha vipi. Nikamwambia: kwa njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Akaifungia bunduki kwenye kabati la chuma, akamimina kahawa, akaniuliza habari ya Wangoni hadi saa tano usiku.

Mwezi Septemba nilipiga ndama, mita 60, akiwa amesimama ubavu. Alikimbia hatua kama arobaini akalala. Mbwa hakuhitajika. Mikono yangu ilitetemeka baadaye, si kabla.

Jambo ambalo sikulifikiria dukani lilikuja siku ya kugawana nyama. Kikundi chetu hakimpi mtu mnyama aliyempiga yeye. Nyama yote hukatwa, hupangwa mafungu yaliyo sawa, kisha hupigwa kura. Ndama wangu wa shaba akaenda kwenye nyumba za watu wengine, nami nikabeba fungu la dume aliyepigwa kwa 6.5 ya kawaida. Nilikuwa nimehesabu gramu na juli kwa ajili ya mezani kwangu, kumbe nilikuwa nachagua kwa ajili ya meza za kijiji kizima, na wao walikuwa wananichagulia mimi.

Nikauliza, kwa Kiswidi changu chenye lafudhi, jeraha la dume yule lilikuwa wapi, na walikata nyama kiasi gani kulizunguka. Watu kumi na mmoja wakanyanyua vichwa. Mwanamke wa 6.5 akachukua kisu, akasogeza beseni langu kwake, akasema, "Tuangalie pamoja."