Saa Chache Bandarini San Juan

Meli za watalii zinazozunguka visiwa vya Karibi hukaa San Juan, mji mkuu wa Puerto Rico, kwa saa chache tu. Abiria atakaye kutembea mwenyewe, pasipo msafara wa meli, hana budi kuzipanga saa hizo kama askari apangavyo zamu.

Kwanza ni saa yenyewe. Puerto Rico haibadilishi majira ya saa, lakini Florida, zitokako meli nyingi, hubadilisha. Wakati wa baridi, saa nne ya Florida ni saa tano kisiwani. Kabla ya kushuka, abiria aulize meli yafuata saa ipi. Msafara wa meli ukichelewa husubiriwa. Mtu pekee huachwa, na nauli ya kuifuata meli ni juu yake.

Pili ni njia. Kutoka gati za mji wa kale, ngome zote mbili hufikika kwa miguu. Aanze na San Cristóbal iliyo karibu, kisha aelekee magharibi hadi El Morro, iliyoanza kujengwa mwaka 1539 kwenye mlango wa bandari. Mizinga yake ilimrudisha Francis Drake mwaka 1595. Mwaka 1598 Waingereza walipitia nchi kavu, wakaiteka. Ndiyo sababu San Cristóbal ilijengwa baadaye, kulinda upande huo.

Uwanja wa El Morro hauna kivuli. Maji na kofia ni lazima. Kisha ashuke mapema, awe gatini saa nzima kabla ya ngazi kuondolewa.