Ukivamiwa Usiku, Unampigia Nani?

Hebu jibu haraka: ukisikia mlango unavunjwa saa nane za usiku, unampigia nani kwanza? Mimi na mume wangu tuliulizana hivyo juzi. Yeye akasema kaka yake, mimi nikasema jirani. Polisi hakuna aliyewataja!

Sisi tulikuwa wanafunzi ghasia zilipozuka Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Watu 405 walikufa kwa risasi, na polisi ndio waliotajwa sana. Yaani yule tuliyefundishwa kumkimbilia ndiye tuliyemkimbia. Kitu kama hicho hakitoki moyoni hivi hivi.

Kweli, kwenye karatasi mambo yamebadilika. Katiba ya 2010 inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Mwaka 2011 sheria ikaunda IPOA, mamlaka ya kiraia ya kuwachunguza polisi. Lakini Juni 2024 vijana wakapigwa risasi tena Nairobi kwenye maandamano, na wadogo zetu nao wakapata hofu yao wenyewe.

Binti yetu ana miaka sita. Akiniuliza akipotea amwendee nani, nataka nimwambie "polisi" bila kusitasita. Bado siwezi. Wapendanao mnajua: aliyekuumiza hakurudishii imani kwa maua na ahadi. Anakiri, anawajibika, halafu unamtazama mwenendo wake siku baada ya siku. Kwa nini tudai hayo nyumbani, tusiyadai kituoni?