Arobaini Bob

Mwaka wa pili chuoni nilichaguliwa kuwa mwakilishi wa darasa, na wenzangu wakaanza kuniita Mheshimiwa. Kazi yangu kubwa ilikuwa fotokopi. Mhadhiri alikuwa akinipa sura za vitabu na makala za wiki, nami nazipeleka kwenye kibanda cha fotokopi karibu na geti. Kurasa 120 kwa shilingi tatu kila moja zinafika shilingi 360. Darasani nilitangaza 400.

Hizo arobaini zilikuwa zangu, na sikuona kama ni wizi. Mimi ndiye nilikuwa napiga foleni, napigiwa simu saa sita usiku, nabeba karatasi kwenye mvua. Tulikuwa watu sitini darasani. Piga hesabu mwenyewe.

Jirani yangu wa hosteli alikuja jioni moja, mkopo wake ukiwa bado haujaingia. Akasimama mlangoni. "Mheshimiwa, naweza kusoma yako usiku ukilala?" Nikamwambia aende maktaba. Nilijua vizuri kwamba maktaba ilikuwa na nakala moja tu ya kile kitabu, inayokaa kaunta na kuazimwa kwa muda wa saa mbili, na jina lake lingekuwa la kumi na kitu kwenye orodha. Alifanya mtihani wa katikati ya muhula bila kusoma, akaanguka. Muhula uliofuata aliahirisha masomo akarudi kwao. Sisemi ni kwa sababu ya karatasi zangu, maana karo pia ilimshinda. Lakini karatasi zilikuwemo.

Mimi mwenyewe niliingia maktaba kwa dhati mwaka wa nne, kwa shida zangu. Mradi wangu wa jiografia ulikuwa kuhusu mvua ya Kitui, kwetu. Nilikuwa nimepakua data za CHIRPS, makadirio ya mvua ya kila siku yanayoanzia mwaka 1981, yanayotolewa bure. Nilitaka kujua kama mama ana haki anaposema mvua ya Oktoba siku hizi inachelewa. Laptop yangu ilikuwa inasoma miaka miwili, inapata joto kama pasi, kisha inazima.

Mkutubi wa zamu alinisikiliza hadi mwisho. "Hiyo mashine utaiua bure, kijana," akasema. Akanieleza kuhusu KENET, mtandao unaounganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini, kwamba wana kompyuta kubwa za watafiti. Unatuma kazi kutoka ulipo, inapanga foleni na za wengine, asubuhi unachukua majibu. Tukaandika ombi pamoja, msimamizi wangu akatia sahihi.

Tukiwa tunasubiri kurasa zifunguke, aliniuliza tulikuwa tunasoma nini mwaka wa pili. Nikamtajia. Akaandika kichwa cha makala ya kwanza kwenye ukurasa wa maktaba, ikatokea. Ya pili, ikatokea. Ile sura ndefu niliyokuwa nikiilaani kwa sababu ya kurasa zake, nayo ikatokea. Vyuo vyetu huchanga pamoja kupitia muungano wa maktaba, KLISC, ili wanafunzi wasome majarida na vitabu vya kidijitali. Unaingia kwa akaunti ya chuo, hata ukiwa hosteli.

"Mhadhiri angetuletea orodha tu," mkutubi akasema, "tungeweka linki zote kwenye ukurasa wa kozi. Hakuna haja ya kutoa nakala." Halafu akauliza, bila ubaya, "Kwani nyinyi mlikuwa mnasomaje?"

Nikasema tulikuwa tunatoa fotokopi. Sikutaja zile arobaini.

Kazi yangu ilikaa kwenye foleni siku nzima, ikakimbia usiku mmoja. Majibu hayakumpa mama ushindi wa moja kwa moja. Kuna miaka mvua ilichelewa, kuna miaka ilikuja mapema ikakatika. Nilipompigia simu alisema hiyo kukatika ndiyo alikuwa anamaanisha.

Usiku huo nilimtumia jirani yangu wa zamani shilingi arobaini kwa M-Pesa. Yeye hakuwahi kunilipa hata senti, kwa hivyo hesabu yenyewe haikuwa na maana. Sikujua pa kuanzia, ndiyo maana. Nikamwandikia ujumbe mrefu kuhusu maktaba na zile makala zote.

Akajibu kesho yake mchana. "Arobaini ya nini, Mheshimiwa? Nitumie linki. Narudi Septemba."

Nikateremka maktaba kuuliza kama mtu aliyeahirisha masomo anaweza kuingia na akaunti yake ya chuo. Mkutubi akavuta kalamu. "Nipe namba yake ya usajili tuangalie," akasema. Ilibidi nimpigie simu kumuuliza. Miaka yote ile nilikuwa na orodha ya walionilipa tu.