Majina ya Njiani, Malindi hadi Kilifi

Kati ya Malindi na Kilifi pana mwendo wa kilomita 60 hivi, na katika mwendo huo mwanamke huitwa majina mengi na watu wasiomjua. Katika mji wa kale wa Malindi, mitaa ya karibu na Msikiti wa Ijumaa, huitwa Bi, shangazi, au mama fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza. Akielekea upande wa maduka ya watalii, mambo hubadilika. Waitaliano wamekuwapo hapa tangu miaka ya 1960, kilipoanzishwa kituo cha kurushia setilaiti huko Ngomeni, na lugha yao imeingia vinywani mwa wauza vinyago na madereva wa tuktuk. Huko "ciao bella", yaani hujambo mrembo, imekuwa salamu ya biashara, na husemwa hata kwa aliyevaa buibui.

Kituoni makanga naye ana yake: "Mrembo, Kilifi?" "Mpenzi, kiti kimoja tu!" Wako wanawake wanaocheka na kupanda, kwani wanajua kijana anatafuta abiria wala hatafuti mke. Wako wanaoinamisha macho na kuharakisha hatua. Msichana wa shule aliye peke yake huenda akaacha gari hilo na kungoja jingine, akachelewa kufika nyumbani, na wala asimweleze mtu sababu.

Hata majina ya heshima yana uzito wake. Mwanamke aliyekaa miaka mingi katika ndoa bila kujaliwa mtoto huitwa "mama" kila kituo, na kila mara moyo wake hushtuka kidogo. Kwa asiyemjua mtu, "dada" ni salama zaidi.

Tofauti iko wapi, basi? Jina la ukoo humfunga anayelitamka. Kijana akishasema "mamangu", watu waliopo humtazamia ampokee kikapu na ampishe kiti. Sokoni Kilifi, anayemwita bibi wa Kigiriama "hawe", yaani nyanya, hujitia mwenyewe katika daraja la mjukuu, na mjukuu hana budi kuwa na adabu. Lakini anayemwita mpita njia "mpenzi" hajajifunga kwa lolote. Amelichukua neno la chumbani akalitumia njiani, na gharama yake akamwachia aliyeitwa.

Dini yetu imetuonyesha njia katika hili. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimwita Anas bin Malik "mwanangu", ilhali hakuwa mwanawe wa damu. Na Bi Aisha, mkewe, alimfupishia jina kwa mapenzi, akamwita Aish. Kila neno lilikaa mahali pake. Aya ya 11 ya Surat Al-Hujurat nayo inakataza kuitana kwa majina mabaya. "Mrembo" si tusi, ni kweli. Lakini jina lisilomridhisha anayeitwa lafaa liachwe, hata kama mwitaji hakukusudia ubaya.

Wazazi, haya yanaanzia kwetu. Makanga wa kesho leo yumo nyumbani mwetu, anatusikia tunavyomwita mfanyakazi, muuza samaki na jirani. Tumfundishe kusema dada, kaka, mama na mzee, na tumweleze kwamba kila moja lina wajibu wake. Binti zetu nao tuwaambie kwamba si utovu wa adabu kujibu kwa upole, "Niite dada." Vijana wengi wa vituoni, wakiambiwa hivyo, huona haya na kujirekebisha. Asiyejirekebisha asilipwe nauli yetu. Magari ya Kilifi ni mengi. Na binti akichelewa kurudi, tumuulize kwanza aliitwaje njiani kabla ya kumgombeza.